Redio ya Bi Hidaya Isiyo na Antena

Shwarini ni nchi isiyo na matatizo. Jambo hilo hutangazwa redioni kila siku saa moja asubuhi, na tena saa mbili kwa ajili ya waliochelewa kuamka. Hakuna mwananchi aliyewahi kulipinga, kwa sababu fomu ya kupinga bado inachapishwa. Imekuwa ikichapishwa kwa miaka kumi na tisa. Inasemekana karatasi yake ni nzuri sana.

Katika nchi hiyo kila redio hupimwa. Haipimwi uzito wala ukubwa wa sauti, hupimwa antena. Mwenye antena ya shubiri moja anaruhusiwa kusikia nyimbo na utabiri wa hali ya hewa, ambao siku zote huwa mzuri. Mwenye shubiri mbili huongezewa hotuba. Shubiri tatu, habari za nchini. Anayetaka habari za nje sharti awe na antena ya dhiraa nzima, pamoja na barua ya kueleza anazitakia nini. Baba wa Utulivu mwenyewe, ambaye ndiye rais, ana antena ndefu kuliko mnazi, imesimikwa juu ya paa la Ikulu na kupakwa rangi ya dhahabu. Wachache waliobahatika kuingia ndani wanasema chini yake hakuna redio. Lakini hao ni watu wa shubiri moja, na mtu wa shubiri moja hana idhini ya kusema mambo ya juu ya paa.

Bi Hidaya alikuwa na shubiri moja tangu alipoolewa. Alikuwa mjane sasa, fundi cherehani wa Mtaa wa Pamba, mwanamke mpole aliyezoea kuomba radhi hata kwa sindano inapomchoma. Alishona mashati ya maofisa, yenye mfuko mmoja wa kalamu na mmoja wa hotuba, na hakuwahi kumsumbua mtu. Kisha binti yake akamtumia redio.

Binti yake aliitwa Raiha, na alikuwa nchi ya mbali yenye barafu, akifua mashuka ya hospitali mchana na kusoma uuguzi jioni. Miaka sita hawajaonana. Kupiga simu nje kuliwezekana kabisa, maana Shwarini ni nchi huru: mtu alikwenda Dirisha la Simu, akajaza maneno anayotarajia kuyasema, akasubiri yapitishwe. Mara ya mwisho Bi Hidaya aliandika: *Hujambo mwanangu. Mimi sijambo. Umekula?* Sentensi ya tatu ilikatwa kwa wino mwekundu. Ofisa alimweleza kwa upole kwamba swali hilo lingeweza kumpa msikilizaji wazo kuwa kuna mahali watu hawali.

Basi Raiha akampa msafiri mmoja kisanduku kilichofungwa ndani ya taulo. Pale uwanja wa ndege askari wa forodha alikifungua, akaona kijumba cha mbao chenye kitufe kikubwa cha kuzungusha na kioo kidogo kinachoonyesha majira.

"Hii nini?"

"Saa," alijibu msafiri, na hakusema uongo, kwa kuwa ilikuwa saa tisa na dakika nane, na kioo kilisema hivyo hivyo.

Haikuwa saa tu. Ilikuwa redio ya mtandao, ile inayovuta sauti kwa waifai badala ya hewani, na inayoweza kufika stesheni yoyote duniani bila kutoka mezani. Kilichohitajika ni nywila, na nywila alikuwa nayo Mama Tunu wa duka la dawa, ambalo ukuta wake ulikuwa ndio ukuta wa Bi Hidaya.

"Andika *mbilimaratatubaadayakula*," alisema Mama Tunu. "Yote pamoja, herufi ndogo. Siisahau kwa sababu naisema kutwa."

Redio haikuwa na vitufe vya herufi. Ulizungusha kile kitufe kikubwa mpaka herufi itokee, ukabonyeza, ukaitafuta nyingine. Bi Hidaya alizungusha tangu kufungua duka hadi adhuhuri. Alifika *baadaya* akakosea, akaanza upya. Sketi ya mteja iliungua kwa pasi. Herufi ya mwisho ilipoingia, kioo kikaandika kwamba kinajaza sauti, kisha chumba kikajaa watu.

Kuanzia siku hiyo alishona na dunia nzima. Kulikuwa na mji ambako theluji ilikuwa haijakoma tangu Jumapili. Kulikuwa na mtu aliyetangaza mpira kwa lugha ya ajabu, na timu yake ilikuwa inafungwa, ilisikika wazi, naye Bi Hidaya akamwonea huruma hata akamwambia, "Pole, baba, ndiyo michezo." Alipata stesheni ya Kiswahili iliyotangaza foleni za magari za huko ilikokuwa. Yeye ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli alishinda kutwa na wasiwasi juu ya lori la nyanya lililopinduka kwenye barabara asiyoijua. Hakupumua vizuri mpaka waliposema limeondolewa.

Lakini stesheni yake hasa ilikuwa ndogo kuliko zote. Ilikaa katika chumba cha nyuma cha duka la baiskeli, kule kwenye barafu, na iliendeshwa na watu waliokaa mbali na kwao. Kila Alhamisi, saa nne asubuhi ya Shwarini, aliyeshika kipaza sauti alikuwa Raiha.

"Hamjambo huko mliko," alisema Raiha kila mara. "Na hujambo, mama yangu mwenye cherehani. Mimi nimekula."

Alhamisi moja Raiha alisimulia jinsi alivyoteleza kwenye barafu na lile tumbo lake la miezi minane, akamwangukia askari, askari naye akaanguka, wakakaa chini wote wawili wakiombana radhi mpaka basi likawaacha. Bi Hidaya alicheka akashika mbavu. Kisha Raiha akasema kwa sauti nyingine, ya chini, "Nitakosekana Alhamisi mbili. Ya tatu, Mungu akijaalia, nitakuja na habari. Jina la mtoto utalisikia hapa hapa, mama. Wewe wa kwanza."

Bi Hidaya alizima redio, akachukua chaki, akachora mistari mitatu ukutani.

*

Kesho yake alikuja Bwana Ngurumo. Huyu alikuwa Mpima Antena Msaidizi wa Wilaya, mtu mnene, mwenye haya kidogo, na koti lake la kazi lilichanika mara kwa mara kwa sababu serikali ilikuwa imelipima kwa kukadiria.

"Hodi!"

"Karibu, Bwana Ngurumo. Koti limeachia tena?"

"Koti baadaye, Bi Hidaya. Kazi kwanza. Jana, saa nne na robo, ulicheka."

"Mimi?"

"Mashahidi watatu. Saa nne na robo Sauti ya Shwarini ilikuwa inasoma takwimu za saruji. Nimezipitia takwimu zile mara mbili." Alishusha pumzi. "Sikuona mzaha."

Macho yake yakaangukia kijumba cha mbao. Akakiinua, akakigeuza juu chini, akakitikisa karibu na sikio, akachungulia kwa nyuma.

"Antena iko wapi?"

"Haina, bwana."

"Imekatika?"

"Haikuwahi kuwa nayo."

Bwana Ngurumo akakaa. Akaomba kuazima futi ya kushonea, kwa kuwa ile ya serikali ilikuwa kwa mkubwa wake, ambaye alikuwa anapima mapazia. Akapima pale ambapo antena ingekuwa. Akapima tena.

"Sifuri," alisema, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. "Bi Hidaya, daftari langu linaanzia shubiri. Sina mstari wa sifuri." Akatazama mlangoni, akapunguza sauti. "Sikiliza. Tafuta kipande cha waya, hata cha kuanikia nguo. Tukibandike hapa, nikuandikie shubiri moja, tuagane kwa wema."

"Na hiki kitufe cha kuzungusha?"

"Tutakitia gundi. Shubiri moja, stesheni moja. Ndiyo kanuni."

Bi Hidaya aliitazama ile mistari mitatu ya chaki. Maishani mwake hakuwahi kumkatalia ofisa kitu, hata vipimo vya uongo vya kiuno. Akaificha mikono chini ya kitambaa.

"Basi, bwana," alisema, "andika ulichokiona."

*

Ofisi ya Urefu ilikaa kikao siku nne. Ya tano ilitoka barua yenye mihuri saba, ikisema hivi: kwa kuwa mtu husikia kwa kadiri ya antena yake, na kwa kuwa antena ya Bi Hidaya ni sifuri, basi Bi Hidaya hasikii. Mtu mwenye redio asiyesikia ni kiziwi. Na kiziwi, kwa huruma ya Baba wa Utulivu, anaruhusiwa kuweka redio ya aina yoyote, iwe pambo. Cheti cha Uziwi kiliambatanishwa.

Chini kabisa, kwa maandishi madogo, ilielezwa kwamba Tume ingefika kuhakiki uziwi huo Alhamisi ya wiki ya pili kutoka hapo, saa nne kamili asubuhi. Mhusika akionekana kusikia chochote, redio ingepelekwa Ghala la Sauti Zilizokamatwa.

Bi Hidaya alihesabu mistari ya chaki. Ilikuwa Alhamisi ile ile.

Alikwenda na barua hadi kibaraza cha jirani, kwa Bwana Kijoli, fundi viatu. Bwana Kijoli alikuwa kiziwi tangu kuzaliwa. Kwa miaka ishirini walikuwa wakizungumza kwa mikono, na hakukuwa na mtu mtaani aliyejua umbea mwingi kuliko wao wawili. Alisoma barua. Akakisoma cheti. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, akacheka mpaka kiatu kikamponyoka.

Yeye cheti hicho alikuwa amekiomba kwa miaka tisa. Kila mwaka alikwenda ofisini, akapanga foleni, na kila mwaka jina lake liliitwa kwa kipaza sauti dirishani mara tatu, hakuitika. Faili lake lilikuwa limeandikwa: *Mhusika ameitwa, amekaidi.*

"Nifundishe," alisema Bi Hidaya kwa mikono. "Nifanyeje nisisikie?"

Bwana Kijoli alifuta machozi ya kicheko. "Wewe mtu akifungua mlango nyuma yako, shingo yako ndiyo inayosikia kwanza," alijibu kwa mikono. "Ifunge shingo. Macho yaweke kwenye sindano. Sauti ikija, usiikimbie, maana anayeikimbia anaonekana. Iache ipite, kama mteja asiyenunua."

Wakafanya mazoezi siku zote zile. Bwana Kijoli aliangusha nyundo, akapiga sufuria, akamwita Mama Tunu aje kupiga kelele kwamba kuna nyoka. Siku za mwanzo Bi Hidaya aliruka kila mara na kuomba radhi. Kufikia Jumatano alikuwa hageuki hata kwa nyoka.

"Na sauti ya mwanangu?" aliuliza mwishoni, vidole vikienda polepole.

Bwana Kijoli alikaa kimya kwa mikono yake yote miwili. "Hiyo," alisema hatimaye, "sijawahi kuifanyia mazoezi."

*

Tume ilifika ikiwa na watu watano na utepe. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Pongwa, mzee mrefu aliyevaa shati alilolishona Bi Hidaya mwenyewe. Akaufunga utepe kutoka kwenye kabati hadi kwenye dirisha, akatoa hotuba kwenye mfuko wake wa hotuba.

"Ndugu wananchi," aliwahutubia wenzake wanne, Bwana Ngurumo akiwemo, pamoja na Bwana Kijoli aliyekuwa amesimama mlangoni na kiatu mkononi. "Mataifa mengine yana kelele. Sisi tuna utaratibu. Leo, kwa mara ya kwanza katika historia ya wilaya hii, nina heshima ya kuuzindua rasmi ukimya wa mama huyu." Akakata utepe. Wakapiga makofi, nyuma ya masikio ya Bi Hidaya, kwa nguvu zote. Hilo ndilo lilikuwa jaribio la kwanza.

Bi Hidaya alikuwa anashona koti la Bwana Ngurumo. Mguu wake ulikanyaga, sindano ikapanda na kushuka. Hakugeuka.

Jaribio la pili, katibu wa Tume aliinama akamnong'oneza, "Mama, pasi yako inaunguza."

Hakugeuka. Moyo ulimwenda mbio kwa ajili ya pasi, lakini shingo ilikuwa imefungwa.

"La tatu," alisema Mheshimiwa Pongwa, "washa hilo pambo."

Bwana Ngurumo akabonyeza. Kioo kikaandika kwamba kinajaza. Kilijaza kwa muda mrefu, au labda haukuwa mrefu. Bi Hidaya alishona. Kikaendelea kujaza. Kwa mara ya kwanza alifikiria kwamba huenda katika chumba kile cha nyuma ya duka la baiskeli hakuna mtu, na kwamba habari yenyewe ndiyo hiyo.

"Hamjambo huko mliko."

Ilikuwa ni yeye. Sauti ilikuwa na mikwaruzo, kama ya mtu ambaye hajalala siku nyingi.

"Hujambo, mama yangu mwenye cherehani. Mimi nimekula. Nimekula sana, wananilisha uji kama bata. Mama, ni msichana. Tulihangaika kidogo, siku mbili, lakini wote tuko salama. Jina lake ni lako. Hidaya. Najua sasa hivi umeinama kwenye cherehani. Usiache kushona, msikilize tu."

Kukapita mchakacho wa nguo, kisha mtoto akalia.

Alilia kwa kilio chembamba, chenye hasira, cha mtu aliyeamshwa bila ruhusa. Kikajaza chumba, kikapanda kwenye mashati yaliyoning'inia, kikatoka dirishani. Bi Hidaya alishona. Hakuiona tena sindano wala kitambaa. Aliona weupe tu, ukimtiririka. Lakini mtu anayeshona karibu na dirisha, kwenye mwanga mkali, macho yake yana haki ya kutoa maji. Kichwa hakikuinuka. Mguu ndio uliomponyoka. Cherehani ilikwenda mbio kama treni iliyokosa breki, na Bwana Kijoli pale mlangoni aliuona mguu ule, akaelewa yote, akakitupa kiatu juu na kukidaka.

"Mashallah," alisema mtu.

Mheshimiwa Pongwa akageuka taratibu.

"Nani amesema mashallah?"

"Nimekohoa, mheshimiwa," alisema Bwana Ngurumo. Mashavu yake yalikuwa yameloa.

"Umesikia nini?"

"Mimi? Antena ni sifuri, mheshimiwa. Ningesikiaje?" Akafungua daftari. "Labda wewe umesikia, mheshimiwa? Niandike?"

Wajumbe wote wakamtazama mwenyekiti wao. Mheshimiwa Pongwa akatazama kile kijumba cha mbao, ambamo mtoto alikuwa anaanza kunyamaza kwa vikwikwi. Katibu alitoa leso, akalaumu vumbi.

"Andika," alisema Mheshimiwa Pongwa hatimaye, "kwamba hakuna kilichosikika."

"Hakuna kilichosikika," aliandika katibu.

"Ongeza kwamba, katika hicho ambacho hakikusikika, mtoto ana kifua imara."

Wakapiga mihuri. Wakati wa kutoka, Tume ilibaini kwamba kulikuwa na mwananchi mlangoni aliyeonyesha furaha saa nne na dakika kumi na moja, bila kibali. Aliyefurahi lazima awe amesikia. Papo hapo Bwana Kijoli akaandikwa Raia Msikivu, daraja la kwanza, na wiki iliyofuata akaletewa kwa gari la serikali antena ya shubiri tatu. Hadi leo huitumia kuanikia kamba za viatu.

Bwana Ngurumo alibaki nyuma kuchukua koti lake. Akaingiza mkono wa kulia, ukapita. Akaingiza wa kushoto, ukafika kwenye kiwiko, ukakwama. Bi Hidaya alikuwa ameushona mkono wa koti ukafungika kabisa, mshono juu ya mshono, safu kumi na nne. Bwana Ngurumo aliutazama mshono ule muda mrefu.

"Kazi safi," alisema polepole, akiuambia mgongo wa fundi. "Na hongera, bibi."

Hakugeuka. Lakini mkono wa Bi Hidaya ulipapasa juu ya meza, ukachukua kashata moja kwenye kisahani, ukainyoosha nyuma, hewani, mpaka ikapokelewa.

Bwana Ngurumo alirudi ofisini na mkono mmoja ndani ya koti. Alipoulizwa, alisema ni koti lililopitishwa na Tume. Kufikia mwisho wa mwezi Wapima wote wa wilaya walikuwa wamefunga mkono wa kushoto, na waraka kutoka juu ukaeleza kwamba hiyo ni ishara ya utulivu, na kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu zamani.

Mashati ya maofisa nayo yakaanza kupoteza vifungo, na hakuna aliyejua sababu. Kila Alhamisi, kabla ya saa nne, dukani kwa Bi Hidaya kulikuwa na benchi zima la wakubwa wamekaa, kila mmoja na shati lake mapajani, wakimsubiri fundi kiziwi awahudumie. Walikaa kimya wakitazama ukuta. Mama Tunu alilazimika kuongeza kasi ya waifai.

Mwezi wa sita, katika kile ambacho hakuna aliyekisikia, mtoto alicheka kwa mara ya kwanza. Mheshimiwa Pongwa aliinamisha kichwa, akatoa kijimkasi mfukoni, akakata kifungo kingine.